Ministre Ataenda Nawe Fungurume

Kapinga, mama yangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na mi nimebaki hapa barazani na karatasi, na huyu mbwa amelala juu ya mguu wangu. Nimemsukuma, amerudi. Nimemsukuma tena, amerudi. Basi nimemwacha, mguu ufe ganzi. Naandika mchana huu kabla hujarudi kwa sababu ukiwa mbele yangu mi sijui kusema. Naanza kukuuliza kama umefunga mfuko vizuri, kama umeweka sweta, halafu saa zinapita na jambo lenyewe linabaki kooni.

Mambo ya mfuko na sweta hayamo humu. Namna ya kukaa kwa watu, namna ya kusali, namna ya kuwajibu wanaume wa magari makubwa pale Fungurume, hayo yote mama yako alikwambia alipokuwa hai, na alisema vizuri kuliko mi. Siku zote nakuita mama kwa kuwa nilikupa jina la mama yangu mzazi, na wewe umezoea kuniamuru kama mama kweli. Leo kuwa mtoto kidogo, unisikilize.

Juzi nilikusikia kwenye simu na tantine Bea. Watu wanafikiri mtu aliyechomelea vyuma maisha yake yote lazima awe kiziwi. Mi si kiziwi. Ulimwambia dada yangu: "Tantine, mi nakuja peke yangu. Imbwa nitaachia tata. Bila ile imbwa atabakia na mawazo, nyumba itamukula." Na Bea akajibu, maana sauti ya Bea hata bila simu ingefika hapa: "Njo vile, mwanangu, umuachie." Mkapanga mambo yangu ninyi wawili, mkamaliza.

Sasa mi napangua. Huyu mbwa Ministre habaki. Kesho anapanda gari pamoja na wewe mpaka kwa Bea, ndani ya kapu au juu ya magoti yako, shauri lenu. Bea ana uwanja mkubwa na ukuta. Mbwa akibaki hapa na mi nitamuua, Kapinga, na unajua vizuri nitamuua namna gani. Nitamlisha.

Usicheke. Najua kilichokufanya umlete. Ulifika naye mvua inanyesha, kichwa kimetoka kwenye kitambaa chako, ukaniambia, "Tata, huyu njo wa kukusumbua." Mi nikampa jina la Ministre, waziri, kwa sababu tangu aingie hapa anakula, analala, anapiga kelele, na kazi hajafanya hata moja. Siku ile ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nyumba hii ilikuwa haijasikia kicheko chako tangu tumzike mama yako. Nilimpenda mbwa palepale kwa ajili ya kile kicheko, na ndipo hatari ilipoanza.

Wewe hukuijua posho. Umesikia tu wazee wakiitaja na kutingisha kichwa. Mi nilikulia ndani yake. Babu yako alikuwa fundi wa reli kule Tenke, na siku ya posho mama yangu alipanga mstari mbele ya ghala la kazi tangu asubuhi, mi nimeshika kitambaa chake. Unga wa mahindi, samaki wa chumvi, mawese, sukari. Babu yako hakuwa mtu wa maneno. Sikumbuki kama aliwahi kunishika kichwa. Lakini siku ile alibeba gunia begani, akaingia nalo ndani, akaliangusha chini, pu! na majirani wote wakasikia. Halafu alikaa kutuangalia tukila, hasemi kitu, anatuangalia tu midomo. Kwetu ndivyo mzazi alivyosema anakupenda. Namna nyingine hatukufundishwa. Katika kambi ya wafanyakazi ulimjua tata mzuri kwa mashavu ya watoto wake, na mwenye watoto wembamba alipita akiangalia viatu vyake.

Basi na mi nikaingia kazini, karakana kubwa hapa Kolwezi, nikaoa, na nikaangusha gunia langu. Mama yako alinicheka. "Batata ba kwenu bote banapenda makelele," alisema, mi na babu yako pamoja. Yeye alikuwa analipokea gunia, analivuta pembeni kimya kimya, na kunipa maji ya kunawa.

Halafu gunia likaisha. Mishahara ikachelewa, ikachelewa zaidi, ikasimama. Wewe ulikuwa bado wa kubebwa. Kuna siku ulilia tangu asubuhi, mama yako amekwenda shambani kutafuta majani ya sombe. Nilikubeba, nikakuzungusha uani, nikakuimbia na sauti hii yangu mbaya. Wapi! Ulizidi kulia. Nyumbani hakukuwa na kitu, hata unga wa kukung'uta kwenye kona za gunia. Nilikulaza kwenye mkeka nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia na mi, mwanaume mzima. Nikaapa kwamba siku mkono wangu ukipata kitu tena, hakuna atakayelia katika lupango langu, ndani ya uzio wangu, bila mi kumtia kitu mdomoni.

Mama yako alirudi, akakuinua, akanigeukia. "Tata Kapinga, ulimushika huyu mutoto?" Nikasema nimekushika asubuhi nzima. "Na haukusikia moto? Mutoto iko na homa!" Kumbe ulikuwa unaungua. Mwili wako ulikuwa juu ya kifua changu saa zote zile na mi sikuusikia, kwa sababu nilikuwa nafikiria unga. Tulikukimbiza zahanati, ukapona, Mungu asifiwe. Lakini unaona? Kiapo nilikishika mpaka leo, na sababu ya kiapo haikuwa njaa.

Hilo nilipaswa kulifikiria siku ileile. Sikulifikiria. Nilianza kutengeneza majiko ya mbabula uani, kuchomelea milango ya watu, na chakula kikarudi nyumbani kwetu, na mi nikawa yule mtu uliyemjua ukikua. Umeanguka? Chukua mkate. Mwalimu amekuchapa? Njoo, kuna karanga. Ulipokosa mtihani ule wa kwanza wa unesi ulijifungia chumbani, na mi nilisimama nje ya mlango na sahani ya kuku nikisema, "Kapinga, kula, itapoa." Hukutoka. Nilibaki nimesimama pale na ile sahani mpaka mafuta yakaganda. Haikunijia hata kidogo kuiweka chini na kuingia.

Sasa nifike kwa mama yako. Nimezunguka kwa makusudi, unanijua.

Daktari alisema figo zimechoka, chumvi imekatazwa, nyama kidogo sana, na wewe ukaandika yote, ukayabandika jikoni. Wewe ulipika chakula chake, kile cha maji maji kisicho na ladha, naye alikula kwa ajili yako. Lakini mama yako alikuwa mtu wa makayabu. Samaki wa chumvi akikaangwa na nyanya mtaa wa tatu, yeye alijua. Siku moja ulikuwa hospitali kwenye mafunzo, akaanza kulia, akanishika mkono, akasema, "Tata Kapinga, tafuta hata kipande kimoja, kiloko tu." Nani angemnyima? Wewe ungemnyima, najua, na ungekuwa na haki. Mi nilikwenda nikaleta. Alikula kidogo, akanichekea, na mi nikajiona mume.

Ulirudi ukasikia harufu. Uliyafungua madirisha yote, moja baada ya jingine, kwa nguvu. Baada ya hapo nilikuwa namletea ukiwa mafunzoni, na yeye alikuwa anakula kidogo zaidi kila mara. Mwisho alikuwa anaweka kipande mdomoni kwa kunifurahisha mi. Niliona hivyo. Niliendelea kuleta.

Jumapili ile ulikuwa umekaa kando ya kitanda chake. Alianza kulia bila sauti, machozi matupu. Mi sikuweza kuyaangalia. Nilichukua kofia yangu. Akaniuliza, "Unaenda wapi?" Nikamwambia, "Nakuja sasa hivi, naenda kukutafutia ile unapenda." Nilizunguka soko lote. Jumapili wauzaji ni wachache, nilimpata mama mmoja tu mwenye samaki anayefaa, na nilimchagulia kipande kinene cha tumbo. Nilirudi karibu nakimbia, na umri huu. Uani niliona majirani wamesimama. Mama yako alikuwa bado anapumua lakini maneno yalikuwa yameisha. Akatuacha kesho yake.

Yule samaki sijui nani alimla.

Daktari aliniambia si samaki aliyemuua, ni ugonjwa, nao ungemuua hata angekula uji tu. Nilimshukuru. Mpaka leo sijui kama namsadiki. Lakini hilo la samaki nimeanza kuliacha kidogo kidogo. Lililobaki ni kofia, kwamba nilichukua kofia nikatoka.

Alituachia yule mbwa wetu wa kwanza, Patron. Unakumbuka alivyomnunua yeye mwenyewe, kutoka kwa yule mama ambaye jike lake lilizaa na dume kubwa la walinzi wa mgodi. Alisema lupango linahitaji mbwa mwenye sauti. Mazishi yalipokwisha, watu wamekunja mikeka wamerudi kwao, Patron alikuwa bado mtoto, miguu mikubwa mwili mdogo, na kila siku alikaa mbele ya mlango wa chumba chetu akilia. Mi nikasema, ana njaa. Nikampa bukari ya mahindi na mchuzi. Akala, akanyamaza. Nikasema, asante Mungu, angalau huyu nimemjua.

Hapo nikawa kama nimepata kazi upya. Mikate ya mafuta asubuhi, nusu yangu nusu yake. Ngozi ya kuku. Chai yangu ya maziwa, na akaharisha uani kote, ukafagia wewe huku unanung'unika. Alikua haraka mpaka watu wa barabarani walisimama kwenye uzio. "Tata, ile si imbwa, ile ni simba!" Mi kichwa kilivimba. Nilitembea naye mtaani nikiwaangalia watu usoni, kama babu yako siku ya posho.

Halafu miguu ya mbele ikaanza kupinda. Wewe uliona kwanza, mi nilisema ni mwendo wake tu. Ukamwita munganga wa wanyama, yule kijana mwembamba wa pikipiki. Alimshika Patron mbavu, akamshika magoti, akasema, "Tata, imbwa ya hii aina haitakiwi kukomaa mbio. Mifupa ingali teketeke, na weye unaibebesha muzigo. Mayai, samaki kiloko, bukari kiloko, maboga. Na kipimo, tata. Kipimo." Mi nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Munganga, mi nimeona njaa. Shibe haijaua mutu." Alikugeukia wewe, akakuandikia kipimo.

Ulinunua kile kikombe cha bluu cha kupimia. Ulimchemshia mayai, uliloweka samaki wadogo wa ndakala usiku kucha chumvi itoke, ulisaga maganda ya mayai, mambo yote yale. Patron akaanza kupungua, akaanza tena kuruka kizingiti. Na mi, mwenye nyumba, nikawa mwizi katika nyumba yangu. Nilificha vipande vya nyama mfukoni mwa suruali nikaenda kumpa nyuma ya choo. Mungu anisamehe, na suruali ulizifua wewe, basi ulijua.

Siku ndugu walipokuja kumaliza kilio cha mama yako wakachinja mbuzi. Watu wakala, wakanywa, mwishoni wakaanza hata kucheka, na ndivyo inavyotakiwa, siwalaumu. Mi sikuweza kumeza. Patron tulimfunga nyuma kwa ajili ya wageni, akawa analia, analia, na mi ndani ya kelele zile zote nilikuwa nasikia yeye peke yake. Nikampelekea beseni la mafuta na ngozi na vile vyote vya kutupwa. Nikachuchumaa nikamwangalia akimaliza. Nilisikia raha, Kapinga. Siku ile nzima nilisikia raha mara moja tu, ilikuwa pale.

Unajua yaliyofuata. Matapishi, tumbo gumu kama ubao, munganga na sindano zake, na kichwa cha Patron juu ya kitambaa chako. Tulimchimbia shimo karibu na mpapai. Mi nilishika chepe, wewe ulimfunga kwenye gunia. Shimo lilipojaa ukasimama, mikono na udongo, ukaniambia:

"Tata, kila mara mutu akilia, weye unakimbia jikoni. Mama alilia ukakimbia soko. Hakutaka samaki! Alikuwa na woga. Alikuwa anaomba, 'Tata Kapinga iko wapi? Tata Kapinga iko wapi?' Mpaka sauti ikaisha."

Nilikupigia kelele. Nilisema mtoto hasemi na tata yake namna ile, nilisema mengi, majirani walisikia. Ulikwenda chumbani. Baada ya siku chache ulikuja kupiga magoti kuniomba msamaha, na mi nikaupokea kama mfalme. Haikuwa zamu yako ya kupiga magoti. Nilitaka kukuambia palepale, na unajua nilichosema? Nilisema, "Umekula?"

Yale maneno yako nimekaa nayo. Nayafua pamoja na mbabula, nayachomelea kwenye milango ya watu. Katika mawazo nimemwona mama yako kitandani mara nyingi na mi nikiwa nimekaa, sina kofia. Najaribu kujua ningesema nini. Sijapata cha kusema. Nafikiri hakutaka niseme, alitaka mkono tu. Na Patron mbele ya ule mlango alikuwa anamlilia mwenye chumba, maskini wa Mungu. Na mi nilikuwa namlilia huyohuyo. Tungekaa pale sakafuni wawili, ingetosha.

Sasa unaelewa juu ya Ministre. Wewe unafikiri nimejifunza. Nimejifunza, ndiyo, kichwa kimejifunza. Mkono bado. Wiki hii, unapokwenda kuchota maji, mkate unatoka mfukoni. Ananiangalia na yale macho, anatoa kile kisauti, na kabla sijafikiri amekwisha kumeza. Munganga alisema vidole vikipita mbavuni vizihesabu, lakini jicho lisizione. Asubuhi hii nimempitishia vidole. Nimebonyeza, nimetafuta. Nimepata mafuta tu.

Uko bado hapa, na tayari nimefika huko. Ukiondoka itakuwaje? Nyumba itakuwa kimya, yeye atakutafuta kila chumba, atalia, na mi nitafungua sufuria. Miguu yake itapinda mbele ya macho yangu na mi nitasema ni mwendo wake. Mchukue. Nakuomba kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Kesho usianze kubishana nami mbele ya dereva.

Namna ya kumlisha sikuandikii, ningekuchekesha. Kikombe ni chako, ujuzi ni wako. Mwambie tu Bea mapema, tena mwambie kwa ukali, maana yeye na mi tulilelewa nyumba moja, na nyuma ya choo anaijua na yeye.

Lakini kuna kitu ambacho hata munganga hakukiona, na mi nakijua kwa sababu nimekiharibu. Utafika Fungurume, utaanza kazi kwenye kile kituo cha afya, na siku za kwanza hakuna atakayekujua. Utarudi jioni umechoka, vumbi la magari ya madini mpaka masikioni, na mbwa atakuja kuweka kichwa kwenye goti lako. Utatamani kumpa kitu. Siku hiyo jiangalie vizuri kwanza, maana inawezekana mwenye kulia ni wewe. Kaa naye tu, mkune masikio. Kesha ukilia ukitaka. Asubuhi mpe kipimo chake.

Na wagonjwa wako ni hivyohivyo. Watakulilia wengi, na utakuwa na vidonge mkononi, na mkono wenye kitu ni mwepesi kuliko mtu mwenyewe. Najua shuleni walikufundisha kuuliza panauma wapi. Basi uliza, halafu ungoje jibu. Mi sikuwahi kungoja jibu la mtu. Na ukija kuzaa, mshike mtoto anayelia, umsikie mwili. Tata yako alikosa homa iliyolala juu ya kifua chake.

Sikuandikii hivi uniogopee. Ulipokuja kuniambia umepata kazi nilisema "vizuri" nikaenda kuchomelea, nawe ukafikiri sijali. Nilikwenda nyuma ya mashine na ile miwani ya moto usoni kwa sababu chini ya ile miwani mtu anaweza kulia watu wasijue. Ninajivunia wewe mpaka najisikia vibaya. Na naogopa hii nyumba. Nimesema. Naogopa saa ya chakula, kiti chako, na kile chumba cha mama yako. Ningeweza kukuomba ubaki, na ungebaki, ndivyo ulivyo. Ndiyo maana sikuombi. Na ndiyo maana usiniachie mbwa mahali pako, kwa sababu nitamfanyia yeye yote ambayo nilitaka kukufanyia wewe, na ye hana kichwa cha kufungua madirisha.

Kesho gari likianza kuondoka atalia. Atapanda juu ya dirisha anitafute, na labda mpaka mpite Mutoshi hatanyamaza. Abiria watakuambia, "Mama, mupe hata kipande ya mukate, anyamaze." Usimpe. Mshike tu. Na mi hapa mtaani nitakuwa nimesimama, sitakimbia nyuma ya gari na kifurushi, usiangalie nyuma ukitafuta kifurushi. Mikono yangu itakuwa mitupu na sijui nitaiweka wapi.

Utaanza kupata mshahara. Najua watoto wa siku hizi, wa kwanza tu unapokelewa, simu inalia: tata nimekutumia, tata nenda kachukue, nunua gunia, nunua samaki. Ni vizuri, na Mungu awabariki wanaofanya hivyo. Lakini nikikupigia siku moja ukasikia sauti yangu imevunjika, nasema niko salama na sauti inakataa, usinitumie kitu, Kapinga. Sitakuwa na njaa. Omba ruhusa kazini, panda gari, uje.

Ni mi, tata yako